Sukuma wiki Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sukuma wiki ni mboga ya baridi. Ni ukoo mmoja na kabichi, na hapa nchini raha yake ni Lushoto, Njombe, Mbeya na miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Dar inakubali, ila kwa masharti, na sharti kubwa ni kalenda. Wakulima wa nchi za theluji hulia kwamba msimu wao ni mfupi kwa sababu baridi inawawahi. Sisi wa Pwani tunalia kilio hichohicho, isipokuwa kinachotuwahi ni joto.

Kwani kweli inaota Dar, au ni kujisumbua?

Inaota. Shida si kuota, shida ni kustawi. Mmea huu hufurahia nyuzijoto 15 hadi 22 hivi. Januari hadi Machi mchana wa Dar hufika 32 na usiku hukaa kwenye 24 hivi. Watu hulaumu jua la mchana, kumbe usiku nao una lawama kubwa: mmea hutengeneza sukari mchana, na usiku wa joto huitumia nyingi zaidi kupumua, hivyo kinachobaki cha kujenga jani hupungua. Ndiyo maana sukuma ya Februari huwa na majani membamba, magumu, machungu na ya rangi iliyofifia hata kama umeimwagilia vizuri.

Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku hushuka hadi nyuzijoto 18 au 19 na mchana hukaa kwenye 28 na 29. Hapo ndipo msimu wako ulipo.

Nisie mbegu lini?

Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei. Miche ihamie bustanini mwishoni mwa Mei na Juni, uanze kuchuma Julai, uendelee hadi Oktoba. Awamu ya pili unaweza kuisia mapema Julai, lakini usipitishe katikati ya mwezi huo. Ukisia Septemba, utaanza kuchuma kati ya katikati ya Novemba na Desemba, kaskazi inaanza kuvuma na viwavi wako kwenye sherehe yao.

Ugumu wa kalenda hii ni mmoja: kitalu kinaangukia kwenye masika. Jiandae kukifunika.

Na Novemba hadi Machi nipande nini?

Mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Hizo ni mboga za joto na hazihitaji kubembelezwa. Ukishupalia sukuma miezi hiyo, funga neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40 au makuti yaliyosukwa kwa nafasi, na utegemee nusu ya mavuno.

Mbegu gani inafaa?

Tafuta aina ya Southern Georgia, yenye majani mapana, laini na yenye nta. Inavumilia joto kuliko sukuma yenye majani yaliyojikunja pembeni, ambayo pia huwaficha vidukari kwenye mikunjo usiwaone hadi wamejaa. Aina ya Thousand Headed nayo ni nzuri kwa anayetaka mmea wenye machipukizi mengi.

Nunua pakiti au kopo lililofungwa, lenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbegu ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa tangu mwaka jana iache hapohapo dukani: unyevu na joto la Dar huua mbegu taratibu, na kwa macho huwezi kujua. Gramu moja ina mbegu kama 250 hadi 300, kwa hiyo pakiti ya gramu 10 inatosha mtaa mzima. Zinazobaki zifunge kwenye karatasi, ziweke ndani ya chupa yenye mfuniko pamoja na kiganja cha mchele uliokaushwa kwenye sufuria, kisha kwenye friji.

Familia ya watu watano inahitaji mashina mangapi?

Thelathini yanatosha. Shina likishakomaa hutoa majani mawili hadi matatu kwa wiki, maana yake unapata majani 60 hadi 90. Hizo ni mboga za siku mbili tatu kwa wiki, na siku nyingine mtakula dagaa.

Kitalu nikiandaeje?

Kwa mashina 30 huhitaji tuta. Beseni la plastiki lililotobolewa chini au trei ya miche inatosha. Changanya udongo wa juu ndoo mbili ndogo, samadi ya ng'ombe iliyooza na kuchekechwa ndoo moja, na pumba za mpunga zilizochomwa nusu ndoo. Mwagia maji ya moto yanayochemka kwenye mchanganyiko huo, uache upoe na uchuje siku mbili. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayopunguza kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche.

Chora mistari yenye kina cha sentimeta 1, iachane sentimeta 8 hadi 10, dondosha mbegu mojamoja kila sentimeta 2, fukia kidogo, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, kisha funika na nyasi kavu. Kwa joto letu mbegu huchomoza siku ya nne hadi ya sita. Siku ya kwanza ukiona vijani viwili vinachungulia, toa nyasi jioni ileile. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka, inapauka na kulala.

Juu weka kichanja cha makuti au neti, kiwe na urefu wa mita moja ili hewa ipite. Mvua ya masika ikipiga miche moja kwa moja huichimbua.

Miche yangu inaanguka kama imekatwa na wembe. Nani anaikata?

Angalia shina. Kama limesinyaa na kuwa jembamba na la kahawia pale linapogusana na udongo, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu. Sababu zake ni mbegu kubanana, maji mengi na kivuli kizito. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, fungua hewa. Iliyokwishaanguka haifufuki.

Kama shina limekatwa kweli na mche umelala mzima pembeni, fukua udongo kwa kidole umbali wa sentimeta 5 kuzunguka. Utamkuta sota, kiwavi mkata miche, amejikunja kama herufi C, mnene, rangi ya majivu. Muue. Mche unaofuata uvalishe pete ya chupa ya plastiki iliyokatwa juu na chini, izame sentimeta 2 ardhini.

Udongo wangu ni mchanga mtupu. Nianzie wapi?

Sehemu kubwa ya Dar ndivyo ilivyo, na mchanga si mbaya kwa mizizi. Ubaya wake ni kwamba haushiki maji wala mbolea. Weka debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kwa kila mita mraba, au nusu debe la samadi ya kuku, uchanganye hadi kina cha sentimeta 20.

Kuhusu samadi ya kuku kuna tahadhari. Wafugaji wa kuku wa nyama wapo kila kona na viroba vinatolewa bure au kwa bei ya kutupa, lakini ile iliyotoka bandani jana, bado na maranda na harufu ya kuchoma pua, itaunguza mizizi. Irundike, iloweke, ifunike na nailoni, igeuze kila wiki, na isubiri wiki 6 hadi 8. Ikiwa tayari haitoi joto ukiingiza mkono, haina harufu kali, na maranda yamekuwa meusi na yanapondeka.

Wenye mfinyanzi wa mabondeni wana shida ya upande wa pili. Wao wainue matuta sentimeta 25 hadi 30 kwa ajili ya mvua za Mei. Wa mchanga wafanye kinyume: kitanda kizame sentimeta 5 hadi 10 ili maji yasikimbie.

Nakaa nyumba ya kupanga, sina eneo. Ndoo itafaa?

Inafaa sana, mradi isiwe ndogo. Shina moja kwa ndoo ya lita 20, yenye matundu matano ya ukubwa wa kidole chini na pembeni kidogo. Ndoo nyeusi kwenye jua la saa nane huchemsha mizizi, kwa hiyo ipake chokaa nyeupe au ifunge salfeti kwa nje.

Salfeti la kilo 50 hubeba mashina manne hadi sita. Simamisha katikati kopo lililokatwa pande zote mbili, lijaze kokoto, zunguushia udongo, vuta kopo juu kidogo, jaza tena, hadi kileleni. Mhimili huo wa kokoto ndio unaofikisha maji chini. Bila huo, juu kunalowa na chini kunabaki vumbi. Mashina mawili yakae juu na mengine kwenye matundu ya pembeni yanayopishana.

Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanashika maji vizuri na unaweza kuyachanganya humo, robo ya ujazo. Lakini yaloweke na kuyasuuza mara tatu kwanza, kwa kuwa makumbi huwa na chumvi.

Mche uko tayari kuhamishwa lini, na nauhamishaje?

Ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli na shina nene kama penseli, kwa kawaida wiki ya nne. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe kivuli polepole, saa mbili siku ya kwanza, kisha zaidi, ili ukomae.

Hamisha jioni baada ya saa kumi na moja. Lowesha kitalu na shimo. Nafasi ni sentimeta 60 kati ya mistari na 45 kati ya mashina. Bustani ndogo yenye rutuba inaweza kwenda 40 kwa 40. Panda hadi jani la kwanza lakini usizike ncha. Bonyeza udongo, mwagilia, na usimamishe kipande cha kuti upande wa magharibi kwa siku nne tano. Mche kulegea mchana siku mbili za mwanzo si jambo la kutisha. Siku ya sita rudishia mapengo, basi.

Nimwagilie kiasi gani?

Lita moja hadi moja na nusu kwa shina kwa siku wakati wa kiangazi, asubuhi. Kwenye ndoo na salfeti gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba yenye unene wa sentimeta 5, yasiguse shina.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yanafaa?

Ukiyaonja ukasikia chumvi waziwazi, usimwagie juu ya majani. Kingo zitaungua na kukauka kama karatasi. Mwagia chini, mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi, badala ya kidogokidogo kila saa. Changanya na maji ya bomba au ya mvua, hasa kwenye kitalu, maana mche mchanga huvumilia chumvi kidogo kuliko shina lililokomaa. Na usichanganye chumvi hiyo na mbolea ya chumvichumvi kwa wingi: utaiongezea mizizi kiu.

Maji ya Mto Msimbazi, au mfereji wowote unaopokea maji taka ya viwanda na vyoo, hayafai mboga ya majani. Vijidudu hushika juu ya jani na baadhi ya madini huingia ndani yake, na hayo ya ndani hayatoki kwa kuosha.

Mbolea ya kukuzia niweke lini na kiasi gani?

Wiki ya pili au ya tatu baada ya kupandikiza, weka mbolea ya CAN ujazo wa kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, kama gramu 5, ukizungushia umbali wa sentimeta 10 kutoka shinani. Rudia kila wiki tatu hadi nne ukiwa unaendelea kuchuma. Kwa urea tumia nusu kifuniko, kwa kuwa ina nitrojeni asilimia 46 dhidi ya 27 ya CAN, na lazima uifukie na kumwagilia papo hapo. Urea iliyoachwa juu ya mchanga wa moto hugeuka hewa ya amonia. Umenunua mbolea, umerutubisha upepo.

Asiyetaka mbolea ya dukani aloweke kilo 2 za samadi iliyooza ndani ya kiroba kwenye ndoo ya lita 20 kwa siku 10, kisha achanganye sehemu moja ya maji hayo na mbili za maji safi. Amwagie udongoni tu. Juu ya jani unalokwenda kula hapana.

Majani yana matundu. Nipulize nini?

Kwanza mjue mlaji. Geuza jani. Ukiona kiwavi wa kijani, mwembamba, hazidi sentimeta moja, mguse kwa kijiti. Akirukaruka kinyumenyume na kujidondosha kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo mgongo wa almasi. Akiwa mdogo hula upande wa chini na kuacha ngozi ya juu kama kidirisha cha nailoni, baadaye kinatoboka. Kwa joto la Dar huchukua kama wiki mbili tu kutoka yai hadi nondo, wakati kwenye baridi ya milimani huchukua zaidi ya mwezi. Ndiyo sababu unapulizia leo na wiki ijayo wapo tena.

Nondo huyu ni bingwa wa kuzoea dawa, kwa hiyo kuongeza kipimo ni kumfundisha tu. Anza na dawa ya bakteria ya Bt, pulizia jioni, chini ya jani, viwavi wakiwa wadogo, na rudia baada ya siku 5 hadi 7. Au tumia mwarobaini: gramu 50 za kokwa zilizokaushwa na kutwangwa kwa lita moja ya maji, iache ilowe usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji, tumia siku hiyohiyo jioni kwa sababu jua huiharibu.

Kama ni dawa ya dukani, hakikisha imesajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Sukuma huchumwa kila wiki. Dawa ya kusubiri siku 14 haina nafasi hapa, hata ikiwa kali namna gani. Wanaopulizia Jumatatu na kuuza Jumatano wanajijua.

Kinga bora kwa bustani ya nyumbani ni neti ya wadudu iliyotandazwa juu ya fito tangu siku ya kupandikiza. Vyandarua vya malaria viacheni kitandani.

Ncha ya katikati imekufa na shina halikui tena. Kwa nini?

Fungua moyo wa mmea taratibu kwa vidole. Utakuta utando, na chini yake vumbi la kinyesi cha rangi ya kijani iliyooza, na kiwavi mwenye mistari ya kahawia ubavuni. Huyu hupenda sana ukanda wa joto. Akishakula ncha, mmea unabaki kipofu au unatoa machipukizi matatu manne dhaifu. Kagua moyo wa kila mche mara mbili kwa wiki katika wiki tatu za kwanza. Kumtoa kwa mkono kunatosha, kwa sababu akishajifunika utando dawa haimfikii.

Na vile vidudu vya kijivu vilivyoganda kama unga?

Vidukari, wengine huviita wadudu mafuta. Ng'oa jani lililojaa ulitupe mbali, waliobaki wasugue kwa maji ya sabuni, kijiko cha chai kwa lita. Ukiona vidukari vingine vimevimba na kuwa rangi ya dhahabu, usipulizie: vimetagwa ndani na nyigu mdogo anayekufanyia kazi bure.

Majani yanageuka manjano.

Inategemea manjano yanaanzia wapi. Majani ya chini yote kupauka sawasawa ni njaa ya nitrojeni. Doa la manjano lenye umbo la V, ncha ikielekea ndani na mdomo kwenye ukingo wa jani, huku mishipa ikiwa myeusi, ni uozo mweusi. Kata kikonyo: ukiona vidoa vyeusi kwenye mishipa, umethibitisha. Ni bakteria, hana dawa ya kumtibu. Ng'oa shina, lichome, usiguse mengine majani yakiwa na umande, na usipande chochote cha ukoo wa kabichi hapo, ikiwemo chainizi, kwa miaka miwili hadi mitatu. Huja na mbegu, kwa hiyo mbegu usiyoiamini iloweke kwenye maji ya nyuzijoto 50 kwa dakika 20, kwa kipimajoto, siyo kwa kukisia. Ikizidi mbegu inakufa, ikipungua bakteria anabaki.

Mmea unaonyauka kila mchana ilhali udongo una maji, ung'oe mmoja uangalie mizizi. Vinundu kama shanga ni minyoo fundo, na mchanga wa Pwani huwapenda. Hamia kwenye ndoo.

Nachumaje ili idumu?

Anza wiki ya sita hivi baada ya kupandikiza. Chuma kutoka chini, jani likiwa na ukubwa wa kiganja kilichotandazwa, kwa kulivuta chini na pembeni hadi kikonyo kikwanyuke chote. Kipande kinachobaki huoza. Acha majani matano ya juu kila mara. Chuma alfajiri, yakiwa bado yamejaa maji. Kwa Dar tegemea miezi mitatu hadi minne. Shina likirefuka kupita goti, lifunge kwenye fito.

Mbona haitoi maua wala mbegu?

Inahitaji wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzijoto 10. Hapa hazipo.

Nina ndugu Kanada anataka kupanda. Masharti ni haya haya?

Ni yale yale yaliyopinduliwa. Katika nyanda nyingi za kule siku zisizo na baridi ya kugandisha ni kama 100 hadi 120, na sukuma inahitaji siku 60 hadi 80 tangu kupandikizwa. Asie ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe ya kawaida ya baridi ya mwisho ya kugandisha, akomaze miche nje kwa siku saba hadi kumi, ahamishe wiki mbili tatu kabla ya tarehe hiyo, na aitandazie kitambaa chepesi cha bustani. Nailoni nyeusi juu ya tuta husaidia kupasha udongo. Asiharakishe mno: mche uliokwisha kunenepa ukikaa wiki nzima na zaidi chini ya nyuzijoto 10 unaweza kutoa maua badala ya majani.

Baridi ikirudi Septemba na Oktoba asiing'oe. Mmea uliozoea huvumilia hadi kama nyuzijoto 6 chini ya sifuri, na jani huwa tamu kwa kuwa mmea hukusanya sukari ili maji yake yasigande upesi. Asubuhi ya barafu tu asiguse: jani lililoganda likishikwa hupasuka ndani na kuwa jeusi, kwa hiyo asubiri hadi jua liliyeyushe ndipo achume.